Kujifunza Kujenga Ukuta wa Mawe: Mwongozo Kamili kwa Anayeshika Mwiko Mara ya Kwanza

Nairobi hujengwa kwa mawe. Pita Kasarani, Utawala au Ruaka, utaona matofali ya kuchoma hapa na pale na matofali ya simiti kwenye magorofa, lakini kuta nyingi bado zinapanda kwa jiwe la mashine, lile la kijivu linalokatwa kwa msumeno kwenye machimbo ya upande wa Juja na Ndarugo. Kwa hiyo mwongozo huu unafundisha kwa jiwe hilo. Atakayejenga kwa tofali atapata vipimo vyake mbele kidogo. Mikono hufanya kazi ileile.

Shika jambo moja kabla ya yote: mota, yaani mchanganyiko wa simiti, mchanga na maji unaoshikanisha mawe, haisahihishi jiwe lililokosewa. Ukuta unanyooshwa na kamba, timazi (uzi wenye risasi nzito nchani) na kozi ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya mawe. Anayeanza hudhani ufundi uko kwenye mwiko, akaharakisha kupandisha ili aone urefu. Kufika kozi ya tano ukuta umelala nje kwa sentimita mbili, na hakuna plasta ya kuuficha.

Zoezi letu ni ukuta mdogo wa bustani wenye umbo la L: upande mmoja mita 3, upande wa pili mita 2, kozi moja ndani ya ardhi na nne juu yake, yaani karibu mita moja kwenda juu. Tumechagua L kwa sababu kona ndiyo inayofundisha. Mtu anayejua kupandisha kona mbili sawasawa, katikati hujaza tu. Usianze na ukuta wa mpaka wa shamba wala wa nyumba: huo unahitaji idhini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na ukuta unaobeba slebu (sakafu ya zege) au paa ni kazi ya mhandisi na fundi aliyekomaa.

Jiwe lenyewe

Mawe huuzwa kwa futi ya urefu, si kwa idadi. Muuzaji akikwambia "sita kwa tisa", anamaanisha jiwe lenye upana wa inchi 6 (milimita 150) na kimo cha inchi 9 (milimita 225). Liko pia la tisa kwa tisa, linalotumika zaidi kwenye misingi na kuta za nje, na la nne kwa tisa la kugawa vyumba. Urefu hubadilika jiwe hadi jiwe. Mengi huwa karibu milimita 390, lakini kwenye lori moja utakuta mafupi na marefu. Kwa zoezi hili chukua sita kwa tisa. Jiwe zima la namna hiyo lina kilo kati ya 20 na 30, uzito ambao mtu mmoja anaweza kuumudu siku nzima akiinua kwa miguu badala ya mgongo.

Kabla ya kupokea mzigo, gonga mawe kadhaa kwa nyundo. Jiwe zima hulia kwa sauti kavu, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kataa yenye mishipa ya udongo inayochimbika kwa ukucha na yale yaliyomeguka kona. Kisha pima kimo. Msumeno wa machimbo hutangatanga, na si ajabu jiwe moja likawa na milimita 220 na jirani yake 232. Hilo halizuiliki, lakini yatenge: marefu rundo moja, mafupi rundo lingine, na kila kozi uijenge kwa mawe ya rundo moja. Nusu saa ya kuchagua itakuokoa siku nzima ya kukuna kichwa.

Hesabu ya vifaa

Kimo cha jiwe milimita 225 na jointi ya kulala (mota iliyo kati ya kozi na kozi) milimita 20 hufanya kozi moja iwe 245. Urefu wa ukuta wetu, ukitoa unene wa kona usihesabiwe mara mbili, ni 3 + 2 − 0.15 = mita 4.85. Kozi tano ni mita 24.25, sawa na futi 80 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika na vipande vya kukata: agiza futi 88.

Msingi wa zege upana milimita 450 (mara tatu ya unene wa ukuta) na kina milimita 150 utakula takriban mita 0.35 za ujazo. Kwa uwiano wa 1:3:6 (simiti, mchanga, kokoto) hiyo ni simiti mfuko mmoja na nusu na ushee. Mota ya ukuta mzima kwa uwiano wa 1:4 (simiti, mchanga) itakula mfuko mmoja na kidogo. Basi mifuko 3 ya kilo 50 inatosha, lakini bila ziada. Mfuko wa daraja la nguvu la 32.5 ndio wa kazi hii, 42.5 haileti faida kwenye ukuta mdogo. Usinunue wa nne kwa hofu, kwani simiti iliyokaa kwenye unyevu hushika madonge, na duka la hadwea haliko mbali. Mchanga nusu tani, kokoto nusu tani.

Mchanga ni wa mto, ule unaoletwa kutoka Machakos, Makueni au Kajiado. Upime hivi: jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo hadi karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu, uache utulie saa tatu. Mchanga utakaa chini na matope yatalala juu yake kama utando. Utando ukizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe. Mchanga wenye matope hufanya mota iwe laini na tamu mkononi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ikikauka hupasuka na kutoka vumbi ukiikwaruza kwa msumari.

Kwa wajenzi wa tofali: tofali la kuchoma la kipimo cha Uingereza ni milimita 215 × 102.5 × 65, jointi milimita 10, kozi milimita 75. Ukuta wenye unene wa upana wa tofali moja (milimita 102.5) unakula matofali 60 kwa mita ya mraba, wa unene maradufu 120. Tofali la simiti la 390 × 190 kwa jointi ya milimita 10 linakula 12 na nusu kwa mita ya mraba, na kozi yake ni milimita 200 kamili.

Zana

Mwiko wa kujengea, pima maji ya angalau milimita 900, timazi, kamba ya nailoni isiyovutika, tepu, nyundo ya mawe, tindo, sepetu, karai mbili, ndoo ya lita 20, mpira mwembamba unaoonyesha maji wa mita 8 hivi, misumari, vigingi na mbao chakavu. Glavu na barakoa si mapambo. Simiti mbichi huunguza ngozi polepole bila kuuma, hadi jioni ndipo ujue. Na vumbi la jiwe likikatwa kavu linaharibu mapafu kwa miaka. Nyunyizia maji kila unapokata.

Pima maji yenyewe uijaribu kwanza. Iweke juu ya ubao ulionyooka, soma kipovu, kisha igeuze kichwa mkia palepale. Kipovu kikikaa mahali tofauti, pima maji hiyo ni mbovu, na ukuta utakaotokana nayo utakuwa mbovu vilevile. Fanya hivyo pia ikiwa imesimama, kwa kuigeuza uso. Zana nyingi zilizoanguka kutoka kwenye jukwaa huonekana nzima.

Tengeneza pia fimbo ya kozi: ubao wa inchi 2 kwa 1 ulionyooka, uliochorwa alama kutoka mwisho mmoja kwa milimita 245, 490, 735, 980 na 1,225. Alama zote zipimwe kutoka sifuri. Ukipima 245 kisha ukasogeza tepu upime 245 nyingine, makosa madogo yanajumlishana, na alama ya mwisho inakuwa imehama.

Mazoezi ya mota ya chokaa

Kabla ya kugusa simiti, jenga mara mbili au tatu ukuta mnyoofu wa kozi tatu juu ya sakafu iliyopo, kwa mota ya mchanga sehemu 6 na chokaa ya kujengea sehemu 1. Mota hiyo ina tabia ya ile ya kweli mkononi, ila haishiki. Ukimaliza bomoa, pangusa mawe, jenga tena. Hapa jipe nafasi ya kukosea bila gharama, mpaka uone jiwe linakaa kwenye kamba baada ya kuligonga mara tatu au nne tu. Ukigonga mara kumi na tano, unaweka mota isiyo sawa.

Kuchora na kuchimba

Piga vigingi viwili kwenye mstari wa upande wa mita 3 na ufunge kamba. Kona ya pembe mraba ipatikane kwa 3, 4, 5: kutoka kigingi cha kona pima mita 3 kwenye kamba ya kwanza, mita 4 kwenye ya pili, kisha sogeza ya pili hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5 barabara. Kamba ya upande wa mita 2 irefushwe kwa muda ipate hiyo mita 4. Skwea ndogo ya chuma haitoshi kwa kazi hii. Kosa la milimita 3 kwenye skwea ya nusu mita linakuwa milimita 12 kwenye ukuta wa mita 2.

Mbao za kufungia kamba ziwekwe mita moja nje ya mtaro ili zisiguswe wakati wa kuchimba. Juu yake piga misumari: miwili ya kingo za mtaro, miwili ya kingo za ukuta.

Kwenye udongo mwekundu wa Karen, Kiambu au Runda, mtaro wa milimita 400 unatosha ukuta wa kimo hiki, mradi chini umefikia udongo mgumu usiozama ukiukanyaga kwa kisigino. Embakasi, Syokimau, Kitengela na kwingineko kwenye udongo mweusi ni habari nyingine kabisa. Udongo ule huvimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huinua msingi na kuuangusha kila msimu. Ukuta uliosimamishwa juu yake hupasuka kwa mshazari, ufa ukipanda ngazi ngazi kwenye jointi. Dawa ni kuupita wote hadi maramu (changarawe ngumu ya ardhini) au mwamba. Ukiona unaenda kina cha mita na zaidi, zoezi lihamishie juu ya slebu iliyopo. Kabla ya jembe, ulizia pia mahali yanapopita mabomba ya maji na nyaya za umeme za chini ya ardhi.

Sawazisha chini ya mtaro. Piga vigingi vifupi kila mita moja na nusu, vichwa vyake viwe milimita 150 juu ya udongo, na usawa uhamishwe kutoka kigingi hadi kigingi kwa mpira wa maji, ule mwembamba uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Mpira huo usiwe na povu hata moja ndani, na ncha zote mbili ziwe wazi. Ukiziba moja kwa kidole maji hudanganya.

Zege ya 1:3:6 ipimwe kwa sanduku la sentimita 40 × 35 × 25, ambalo hubeba lita 35, sawa na mfuko mmoja wa simiti: mfuko 1, masanduku 3 ya mchanga, 6 ya kokoto. Nyunyizia mtaro maji kwanza, mwaga, shindilia kwa ubao, laza juu hadi vichwa vya vigingi. Acha siku 3 kabla ya kupandisha mawe, ukiimwagilia asubuhi na jioni.

Mota

Pima kwa ndoo, kamwe si kwa sepetu. Sepetu ya simiti kavu na sepetu ya mchanga uliolowa hazilingani, na kibarua akichoka sepetu zake hupungua. Nusu ndoo ya simiti kwa ndoo mbili za mchanga hutoa mota ya kutosha mawe 15 hivi, na kwa mwanafunzi hicho ni kiasi cha kumaliza kabla haijaanza kushika.

Geuza vikavu mara tatu kutoka rundo hadi rundo, mpaka rangi iwe moja isiyo na michirizi. Fungua shimo katikati, tia maji kidogo kidogo, vuta kingo ndani. Ipo tayari ukiichota kwa mwiko, ukauinamisha hadi mshazari wa nusu, nayo ikabaki imeng'ang'ania. Ikiteleza ni maji mengi: jiwe la kilo 25 litazama na kuisukuma nje iteremke kwenye uso wa ukuta. Ikivunjika vipande ni kavu, na haitashikana na jiwe.

Tumia mota yote ndani ya saa moja na nusu. Ikianza kukaza karaini, itupe. Kuilainisha upya kwa maji ni kosa linalofanywa kila siku kwenye mjengo wa Nairobi, hasa baada ya chakula cha mchana, na mota hiyo haipati tena nguvu iliyokuwa nayo.

Jiwe nalo lilowe. Jiwe la Ndarugo lina vitundu vingi na hunyonya maji kama mkate. Likiwekwa kavu chini ya jua la Januari, linavuta maji yote ya mota ndani ya dakika chache. Simiti inakosa maji ya kuiva na jointi hubaki unga. Mwagia rundo maji nusu saa kabla, uso ukauke usiwe unameremeta, ndani pabaki na unyevu.

Kozi ya kwanza

Hapa usiharakishwe na mtu. Teremsha timazi kutoka kwenye kamba za ukuta hadi juu ya zege, tia alama pembeni na kwenye kona, unganisha alama kwa kamba iliyopakwa chokaa ili ibaki mistari miwili. Panga mawe bila mota kwenye upande mzima, ukiacha milimita 20 kati yake. Utaona mara moja kama mwishoni kinabaki kipande cha kidole. Hapo badilisha mawe au punguza jointi hadi 15, kwa sababu kipande chembamba mwishoni ni udhaifu na ni aibu.

Anza na jiwe la kona, zuri kuliko yote, lenye pembe mbili kali. Tandaza mota ya milimita 30, uchore mfereji katikati yake kwa ncha ya mwiko ili ipate pa kutanukia. Laza jiwe taratibu kutoka juu. Usilisukume likaburura mota. Gonga kwa mpini wa nyundo. Pima maji iwekwe mara nne: kwa urefu, kwa upana, na kwa kusimama kwenye nyuso mbili za nje. Nenda ncha ya upande wa mita 3, laza jiwe la pili kwa mtindo huohuo, na usawa wake uulinganishe na la kona kwa mpira wa maji. Kisha ncha ya mita 2. Mawe haya matatu yakikaa sawa, sehemu ngumu imekwisha.

Sasa kamba. Ifunge kwenye ncha ya juu ya uso wa nje wa mawe ya mwisho, ikazwe hadi ilie ukiidona. Mawe ya katikati yafikie usawa wa kamba lakini yasiiguse: acha mwanga mwembamba wa milimita 2. Jiwe moja likiisukuma kamba, yote yanayofuata yatafuata upinde huo, na utaona tumbo la ukuta ukisimama mbali.

Kwa kuwa mawe hayana upana mmoja kamili, chagua uso mmoja wa ukuta uwe wa kamba. Huo utanyooka kabisa. Wa nyuma utakuwa na mabonde madogo. Ukijaribu kunyoosha pande zote mbili utaharibu zote.

Jointi ya kusimama

Hii, ya wima kati ya jiwe na jirani yake, ndiyo jointi inayodharauliwa kuliko zote. Kwa sababu jiwe ni zito, watu huliweka likiwa limeacha pengo, kisha husukumia mota juujuu kwa mwiko. Nje panaonekana pamejaa, ndani ni pango. Mvua ya Aprili ikipiga ukuta, maji hupita palepale na kutokea upande wa pili.

Fanya hivi: kabla ya kuliinua jiwe, lisimamishe na upake mota kichwani, tabaka la vidole viwili kwenye kingo zote mbili. Liweke, lisogeze likandamizane na mwenzake hadi mota itokeze. Halafu chomeka mota kutoka juu kwa ncha ya mwiko, ukidunga kama anayeshindilia tumbaku, mpaka isiingie tena. Mota iliyotoka usoni ikate kwa mwiko kuelekea juu, uirudishe karaini. Usijaze mapengo kwa vipande vya mawe vikavu.

Ukishalikalisha jiwe na mota imeanza kuvuta, usiligonge tena kulirekebisha. Mshikano uliovunjika haurudi. Liondoe, kwangua mota yote, anza upya.

Kona na kozi za juu

Pandisha kona kwanza, kozi tatu, zikishuka kwa ngazi pande zote mbili, ndipo ujaze katikati. Mawe ya kona yapishane: kozi ya kwanza jiwe refu lielekee upande wa mita 3, ya pili lielekee upande wa mita 2. Ukitazama upande mmoja, jointi ya kozi ya kwanza itakuwa milimita 150 kutoka konani, ya pili kwenye 390, na ya kozi ya kwanza inayofuata kwenye 560. Hivyo kila jointi inafunikwa na jiwe kwa milimita 150 au zaidi. Mawe yakiwa ya urefu tofauti, usikubali kufunika chini ya milimita 100. Jointi zikifuatana juu kwa juu unajenga nguzo mbili zilizosimama karibu karibu, na ufa utazitenganisha.

Kila kozi ya kona: fimbo ya kozi kwa kimo, timazi kwa nyuso mbili, pima maji juu. Kwa timazi, shikilia ubao wake juu ya ukuta, subiri risasi itulie, angalia nafasi kati ya uzi na jiwe la juu, kisha la chini. Nafasi mbili ziwe sawa. Upepo ukiitikisa, itumbukize risasi kwenye kopo la maji. Pia weka ubao mrefu kwa mshazari juu ya ngazi za kona: pembe zote za mawe ziuguse. Isiyogusa inakuonyesha kozi iliyokosewa.

Juu ya kozi ya pili na ya nne laza utepe wa chuma wa milimita 25, ule mwembamba unaouzwa hadwea kwa roli. Tandaza mota nusu, laza utepe, ufunike kwa nusu nyingine. Ukae katikati ya unene wa ukuta, mbali na uso, la sivyo kutu itatoka kama machozi. Uzungushe kwenye kona bila kuukata, na penye kiungo upishane milimita 150.

Kukata jiwe: chora mstari kuzunguka pande zote nne, chimba mfereji wa milimita 5 kwa tindo kufuata mstari, kisha gonga kwa nguvu upande wa taka. Anayegonga bila mfereji hupata mpasuko unaokwenda unakotaka.

Usipandishe zaidi ya mita 1.2 kwa siku moja. Uzito wa mawe ya juu hukamua mota changa ya chini, na ukuta huanza kucheza ukiusukuma kidogo.

Kupiga jointi, kofia na maji

Mota ikiwa imekaza kiasi cha kuacha alama ya dole gumba bila kunata, pitisha kipande cha nondo au bomba kwenye jointi, za kusimama kwanza, kisha za kulala. Kusubiri hadi kesho ni kuchelewa.

Ukuta wa nyumba huwekewa karatasi nyeusi ya lami milimita 150 juu ya ardhi kuzuia unyevu. Ukuta wa bustani unaosimama peke yake, usiiweke: karatasi hukata mshikano na ukuta unaweza kusukumika juu yake. Ulinde kwa kofia badala yake. Kofia ya zege ipite ukuta kwa milimita 50 kila upande, iwe na mteremko, na chini ya ukingo uwe na mfereji mdogo wa kudondosha tone. Bila mfereji huo, maji hurudi nyuma yakilamba ukuta. Siku ukijenga mrefu zaidi, acha pengo la kutanukia na nguzo kila mita 6 hivi.

Mwagilia kuanzia siku ya pili, asubuhi na jioni kwa siku 7, ukifunika kwa magunia wakati wa jua kali. Mvua ikitisha jioni ya kwanza, funika kwa nailoni, lakini isiguse jointi.

Anayetaka kuifanya kazi hii iwe riziki, mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani) unaanzia daraja la tatu, kisha la pili na la kwanza. Ukuta huu wa L ni mazoezi mazuri ya kuuelekea: ujenge, subiri siku 28, kisha uusogelee na timazi na tepu, uandike kwenye daftari kila kosa pamoja na kozi lilipoanzia. Karibu kila mara utalifuata lile la juu hadi ulikute kwenye kozi ya kwanza au ya pili. Na usirundike udongo upande mmoja wa ukuta huu, hata kwa maua. Unene wa milimita 150 haukuhesabiwa kuzuia shamba.